Maedi-visna au jaagsiekte: kirusi kinajificha wapi, na uchague kipimo gani

Kondoo jike wa miaka minne anakonda ilhali anakula vizuri. Kundi likiswagwa anabaki nyuma, pua zimetanuka, mbavu zinapanda na kushuka. Hana homa. Ameshachomwa sindano za kuua bakteria mara mbili, hakuna nafuu. Minyoo ya mapafu na majipu ya ndani yakishaondolewa kwenye orodha, wanaobaki kushukiwa kwanza ni wawili: kirusi cha maedi-visna na kirusi cha jaagsiekte. Vyote ni retrovirusi, vyote huenda pole kwa miaka kabla ya kujionyesha, vyote havina dawa wala chanjo, na hakuna kinachojulikana kumwambukiza binadamu.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kipi kibaya zaidi. Jibu lake halimsaidii mfugaji. Linalomsaidia ni kujua kila kimoja kinakaa wapi ndani ya mwili wakati kondoo bado anaonekana mzima, maana kipimo kinachokinasa kimoja hakioni kabisa kingine. Nimeona watu wakifurahia majibu safi ya damu kumbe walipima ugonjwa mwingine.

Majina, na kisa cha kondoo 20

Mæði kwa Kiaislandi ni kuhema; visna ni kunyauka. Wafugaji wa Iceland walidhani ni magonjwa mawili, moja la mapafu na jingine la ubongo na uti wa mgongo. Baadaye ikagundulika ni kirusi kimoja kinachopiga mahali tofauti. Jaagsiekte ni Kiafrikana, kutoka Afrika Kusini: *jaag* ni kukimbiza, *siekte* ni ugonjwa. Kondoo anatweta kama aliyekimbizwa na mbwa.

Magonjwa haya mawili yalifika Iceland kwa pamoja. Mwaka 1933 nchi hiyo ilinunua kondoo 20 wa aina ya Karakul kutoka Halle, Ujerumani. Waliwekwa karantini ya miezi miwili, wakaonekana wazima, wakagawanywa mashambani. Jaagsiekte ndiyo iliyojitokeza mapema na kuua kwa wingi. Maedi ilijificha ikaonekana miaka ya mwisho ya 1930. Maedi peke yake iliua kondoo zaidi ya 100,000, na katika kampeni ya kuing'oa walichinjwa takriban 650,000. Jaagsiekte ilitokomezwa nchini humo mwaka 1952, maedi mwaka 1965. Ni katika msiba huo ambapo daktari Björn Sigurdsson, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Keldur, alitoa mwaka 1954 wazo la "maambukizi ya polepole": magonjwa yenye kipindi kirefu cha ukimya, kisha mwendo usiorudi nyuma mpaka kifo.

Kumbuka ile miezi miwili ya karantini. Tutairudia.

Wanachofanana

Retrovirusi hubeba maelekezo yake kwenye RNA. Kikishaingia ndani ya seli, kimeng'enya chake huiandika RNA hiyo upya kuwa DNA, na kimeng'enya kingine huichomeka DNA hiyo katikati ya vinasaba vya kondoo mwenyewe. Kuanzia hapo hakuna tena mgeni wa kutoa nje. Seli ikigawanyika, kipande cha kirusi kinanakiliwa pamoja na vinasaba vingine vyote. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Hapa mdudu ameshonewa ndani ya pindo.

Kufanana kunaishia hapo. Njia zinaachana kwenye aina ya seli, na kwenye kile kirusi kinachofanya baada ya kuchomekwa.

Maedi-visna: analala kwenye damu, anaamka kwenye mapafu

Kirusi hiki ni lentivirusi, ukoo mmoja na VVU. Jenomu yake, yaani maelekezo yake yote ya vinasaba, ina herufi takriban 9,200. Sifa kubwa ya ukoo huu ni kwamba unaweza kupenya kwenye kiini cha seli isiyogawanyika, na hiyo inaupa nafasi ambayo retrovirusi vingine havina: makrofaji, zile seli nyeupe kubwa zinazokula takataka na vijidudu, ambazo kwa kawaida hazigawanyiki.

Hapo pia ndipo kinapoachana na VVU. VVU hushambulia hasa seli za kinga ziitwazo CD4, mwili ukabaki bila ulinzi. Cha kondoo kinashika monositi (seli nyeupe changa zinazokuja kuwa makrofaji), makrofaji zenyewe na seli nyingine za kinga ziitwazo dendriti. Kondoo hapati UKIMWI. Anapata uvimbe sugu wa kinga kushambulia, si wa saratani, unaokomaa taratibu.

Mpangilio wake wa kujificha ni wa kijanja. Monositi huzaliwa kwenye uboho wa mifupa, huzunguka na damu kwa muda mfupi, kisha huingia kwenye mapafu, kiwele, viungo au ubongo na kukomaa kuwa makrofaji. Ndani ya monositi, DNA ya kirusi ipo lakini karibu imenyamaza. Protini hazitengenezwi, au zinatengenezwa kwa kiasi kisichoonekana, kwa hiyo askari wa mwili wanapishana na seli hiyo bila kuishtukia. Monositi inapokomaa, protini zinazowasha vinasaba vya makrofaji, zikiwemo Fos na Jun, huishika pia swichi iliyo mwanzoni mwa DNA ya kirusi. Kirusi kinaamka mahali hasa kinapotaka kutokea: mapafu yanayotoa pumzi na kiwele kinachotoa maziwa. Mwaka 1985 Ashley Haase na wenzake waliufananisha ujanja huu na farasi wa mbao wa Troya, na jina hilo limebaki.

Monositi haiishi muda mrefu kwenye damu. Maambukizi yangeweza kuisha yenyewe kama si uboho, ambamo seli mama zilizoambukizwa huendelea kuzaa monositi nyingine zenye mzigo uleule. Ndiyo maana kondoo akishaambukizwa ameambukizwa maisha yake yote.

Upole wake nao unadanganya. Kwenye chupa ya maabara, katika seli zilizotolewa kwenye ubongo wa kondoo, kirusi hikihiki kinazaana na kuziharibu seli kwa siku chache tu. Ndani ya mnyama kinabanwa. Kinazaana kidogo, mahali pachache, kwa muda mrefu. Kinachoharibu mapafu zaidi ni mwili wenyewe: limfosaiti, seli nyeupe za kinga, zinafurika zikifuata harufu ya protini za kirusi, kuta za vifuko vya hewa zinanenepa, na mwishoni mapafu yanakuwa mazito mara mbili au zaidi ya kawaida, ya kijivu, magumu kama mpira. Katika miaka ya 1970 watafiti waliwadhoofisha kondoo kinga kwa makusudi, na madhara ya mwanzo kwenye ubongo yakapungua. Matokeo hayo yanaeleza kwa nini chanjo imekuwa ngumu: kuichochea kinga dhidi ya kirusi hiki kunaweza kuongeza ugonjwa badala ya kuuzuia.

Kuna mengine mawili. Kimeng'enya kinachogeuza RNA kuwa DNA hakina mhariri, makosa yanapita, na baadhi yanabadilisha sura ya protini ya ganda. Kingamwili zilizotengenezwa jana zinakuta kinyago kipya leo. Halafu kuna protini ndogo iitwayo Vif. Seli ya kondoo ina protini za APOBEC3 zinazoiharibu DNA ya kirusi inapoandikwa, na Vif huzipeleka kusagwa. Binafsi naona hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote, lakini haimsaidii mtu kuchagua kipimo, basi tuiache.

La kushika ni hili: kingamwili zipo, na zikishatokea hubaki. Kirusi chenyewe kwenye damu ni haba.

Jaagsiekte: anajenga kiwanda chake mwenyewe

Hiki ni betaretrovirusi, tawi jingine la retrovirusi, na ugonjwa wake ni saratani ya mapafu. Jenomu yake ni fupi, herufi takriban 7,500, na hakiwezi kupenya kwenye kiini cha seli mpaka seli igawanyike. Kinatafuta seli za mapafu zinazogawanyika: seli za aina ya pili za vifuko vya hewa na wenzake wa njia ndogo za hewa. Kwa mwanakondoo mchanga seli hizo zinagawanyika kwa wingi kwa sababu mapafu bado yanakua. Kwa mkubwa ni chache, isipokuwa mapafu yakiwa yamejeruhiwa na yanajiponya. Umri wa kuambukizwa kwa hiyo una uzito mkubwa.

Kingine ni cha ajabu zaidi. Retrovirusi vingi vya saratani hufanya kazi hiyo kwa bahati mbaya, kwa kuchomekwa karibu na kinasaba kibaya. Kirusi cha jaagsiekte hakingoji bahati. Protini ya ganda lake, ileile inayokifungulia mlango wa seli kupitia kipokezi cha Hyal2, yenyewe inaiamuru seli igawanyike bila kikomo. Swichi yake nayo hufanya kazi vizuri hasa kwenye seli za mapafu. Kila seli mpya ya uvimbe inatengeneza virusi. Maedi-visna ni mpangaji anayekaa kimya. Jaagsiekte anaongeza vyumba.

Seli hizo kwa asili hutoa majimaji, na zikiwa nyingi majimaji yanajaa. Ukimwinua miguu ya nyuma kondoo aliyefikia hatua ya mwisho, povu na maji meupe humwagika puani, wakati mwingine mamia ya mililita. Majimaji hayo yamejaa virusi, na ndiyo njia kuu ya kuambukiza.

Kwa nini mwili haupigi kelele? Kondoo wote, hata wasiowahi kukutana na ugonjwa huu, wana ndani ya vinasaba vyao nakala zipatazo 27 za ndugu wa kale wa kirusi hiki, zilizorithiwa kizazi hadi kizazi. Nakala hizo zina kazi: bila protini zake kondo la nyuma halikui sawasawa na mimba haishiki. Kijusi hukua kikizijua protini hizo kama zake. Kirusi cha nje kinapokuja na sura hiyohiyo, kinga inamwona ndugu. Kingamwili hazitokei kwa kiasi cha kupimika.

Kondoo Dolly, yule aliyetengenezwa kwa kunakili seli ya kondoo mkubwa, aliyezaliwa Scotland mwaka 1996, aliuawa kwa huruma tarehe 14 Februari 2003 baada ya kugundulika na uvimbe wa mapafu wa aina hii. Aliishi chini ya macho ya wataalamu. Lakini wengi wanaoambukizwa hawafikii hatua ya uvimbe wakiwa hai. Wanaondoka kundini kwa sababu nyingine huku wakiwa wamebeba kirusi.

Uchague kipimo gani

Kwa maedi-visna anza na kipimo cha kingamwili, ELISA, kwa damu au hata kwa maziwa. Ni kipimo kinachofaa kundi zima, na kinanasa wengi wasio na dalili. Kasoro zake ni mbili, na zote zinatokana na tabia ya kirusi. Kingamwili huchukua wiki hadi miezi kutokea, kwa hiyo aliyeambukizwa karibuni atapita kama mzima. Na mwanakondoo aliyenyonya dang'a ya mama mwenye kingamwili atabeba kingamwili hizo kwa miezi kadhaa, hadi karibu sita, hata kama yeye hana kirusi. Kumpima kabla ya hapo ni kujipotezea damu.

PCR, inayotafuta kirusi chenyewe, huziba pengo hilo: kwa mwanakondoo mwenye kingamwili za mama, au kwa yule aliyenunuliwa jana. Lakini usiigeuze kuwa kipimo kikuu. Monositi zenye kirusi ni chache kwenye damu, sampuli moja inaweza kuzikosa zote, na kirusi kinabadilika kiasi kwamba vianzio vya PCR, vile vipande vya DNA vinavyokitafuta, vinaweza kutokitambua. Nikipewa kuchagua kimoja kwa kundi lenye maedi-visna, nachagua ELISA ya kurudiarudia.

Kwa jaagsiekte, ELISA iweke kando kabisa. PCR ya damu inaweza kukuambia kwamba kirusi kipo kundini ikikipata kwa mmoja, lakini jibu hasi la kondoo mmoja halina maana. Kuosha mapafu na kupima maji yake kwa PCR kunanasa zaidi, ila ni kazi isiyowezekana kwa kundi kubwa. Kinachobaki cha maana kwa aliye hai ni altrasaundi ya kifua. Mwendeshaji mzoefu huona uvimbe ukishafika sentimita moja au mbili, na kazi ni ya haraka, dakika moja au mbili kwa kila kondoo. Haioni maambukizi, inaona uvimbe. Aliyeambukizwa mwaka huu bado atapita.

Kipimo cha kuinua miguu ya nyuma hakigharimu kitu, na majimaji yakimwagika hakuna la kubishania. Lakini kifanye kwa yule ambaye umeshaamua hatarudi kundini, kwa sababu kukosekana kwa maji hakumsafishi, na anaweza kufa mikononi mwako.

Na kama hujui unapambana na kipi? Usianze na aliye hai. Mpasue aliyekufa, au mchinje mgonjwa mmoja aliyekwisha kukonda, na upeleke vipande vya mapafu maabara. Mapafu magumu ya kijivu sawasawa kote yanaelekeza maedi. Maeneo mazito ya zambarau yenye mpaka wazi, yanayotoa povu ukiyakata, yanaelekeza jaagsiekte. Jicho pekee halitoshi, darubini ndiyo inayoamua. Kabla ya hapo, shika viwele: kiwele kigumu pande zote mbili, chenye maziwa kidogo, bila joto wala maumivu, ni maedi-visna inayobisha hodi. Kondoo anayeburuta miguu ya nyuma vilevile. Jaagsiekte haigusi huko.

Angalizo: vinaweza kuwapo vyote viwili kwa kondoo mmoja. Uvimbe wa jaagsiekte huvuta makrofaji kwa wingi na majimaji huzitoa nje, kwa hiyo kondoo wa namna hiyo humwaga maedi-visna kuliko kawaida.

Uchague njia gani ya kusafisha kundi

Maedi-visna, pamoja na uchungu wake wote, ndiyo yenye njia zilizonyooka. Ikiwa walioambukizwa ni wachache, pima wote, ondoa wenye kingamwili pamoja na wana wao wa karibuni, rudia kila miezi sita hadi mwaka mpaka upate raundi mbili mfululizo zisizo na mgonjwa. Ikiwa nusu ya kundi ina kingamwili, kupima na kuondoa ni kumaliza mifugo. Hapo gawa kundi mara mbili, safi na chafu, na jenga kundi safi kwa wanakondoo waliochukuliwa kabla hawajanyonya. Wape dang'a iliyopashwa nyuzi 56 kwa saa moja, au ya ng'ombe. Ya ng'ombe ina mtego wake: dang'a ya baadhi ya ng'ombe husababisha upungufu mkali wa damu kwa wanakondoo wiki chache baadaye, hivyo changanya ya ng'ombe kadhaa. Na kumchukua mwanakondoo haraka hakufuti yote, kwa kuwa pumzi nayo inaambukiza, hasa wanapolala wamebanana ndani. Mbuzi wahesabu pia: kirusi chao cha ugonjwa wa viungo na hiki ni jamii moja inayovuka mpaka.

Kuzaliana kwa kuchagua ni njia ya tatu. Mwaka 2012 kinasaba cha TMEM154 kilihusishwa na uwezekano wa kuambukizwa: kondoo wenye aina fulani ya kinasaba hicho huambukizwa mara chache zaidi. Kwa kundi kubwa ambalo haliwezi kuchinja hovyo, naiona njia nzuri ya muda mrefu. Usiiuze kama ngao kamili, kwa sababu zimeshapatikana koo za kirusi zinazowapata hata kondoo hao.

Kwa jaagsiekte huna anasa hiyo ya kupima na kuondoa mpaka pawe safi. Unachopunguza ni povu. Anayehema aondoke siku hiyohiyo, si baada ya kunenepeshwa. Pitisha altrasaundi kundi zima kila mwaka, madume mara mbili. Usibakize wana wa mama aliyepatikana nao. Tenga rika kwa rika, kwa sababu mwanakondoo anayekula kwenye hori moja na wakubwa yupo kwenye umri mbaya kuliko wote wa kuambukizwa. Punguza msongamano ndani ya zizi. Anayetaka usafi kamili inabidi auze au kuchinja wote na kuanza upya na kundi lenye historia ndefu isiyo na ugonjwa, kama Iceland ilivyofanya kwa magonjwa yote mawili.

Ukinunua dume

Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa rahisi kidogo. Usiulize kama dume ni mzima. Uliza kundi alikotoka limepimwa maedi-visna mara ngapi na lini, na kama mapafu ya kondoo wake waliokufa huwa yanapasuliwa. Muuzaji anayejibu la pili bila kusita ana thamani kuliko cheti kimoja cha damu. Akifika, mpime kingamwili na mpige altrasaundi. Mweke peke yake, asigusane pua na wengine. Rudia kipimo cha damu baada ya miezi sita, na altrasaundi pia. Miezi miwili ndiyo waliyokaa wale 20 wa Halle.